Ukienda Kumwona Mzee, Mfunue Visigino

WAULIZE WAUGUZI: safu ya maswali ya wasomaji

Barua za safari hii zimetoka Mtwara na Lindi, na karibu zote zinauliza jambo moja: mzee wetu yuko kwenye kituo cha kulelea wazee, tutajuaje kama anatunzwa? Tumezifupisha, na majina tumeyaacha.

Swali: Mama ana miaka 71, kiharusi kimempooza upande wa kulia. Yuko kituo cha binafsi, mwezi wa pili sasa. Jumapili nilipombadilisha nguo niliona doa jeusi pale mgongo unapoishia, ukubwa wa kizibo cha soda. Nikiligusa anakunja uso. Wahudumu wanasema ni joto la Mtwara. Kituo chenyewe ni kisafi, kina vigae na feni. Nikubali? (Binti, Shangani)

Jibu: Usikubali, dada. Joto huleta vipele, navyo hutokea kwenye mikunjo: kwapani, chini ya matiti, mapajani kwa ndani. Doa moja lililokaa juu ya mfupa, tena linauma, ni kidonda cha mgandamizo kinaanza, kile ambacho watu hukiita kidonda cha kulala. Nyama iliyobanwa kati ya mfupa na godoro hukosa damu, na ikikosa damu kwa saa kadhaa huanza kufa. Mara nyingi huanzia ndani, karibu na mfupa, kwa hiyo ngozi ya juu inaweza kuonekana nzima huku chini kumeshaharibika.

Mafunzo mengi yanamwambia mhudumu atafute wekundu usiopotea ukibonyezwa kwa kidole. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani vizuri, na watu hulikosa tatizo kwa kutafuta rangi ambayo haipo. Tumia mgongo wa mkono. Gusa doa, kisha gusa ngozi ya pembeni. Doa likiwa la moto au la baridi kuliko jirani yake, likiwa gumu, au limelainika na kubonyea kama papai lililoiva kupita kiasi, tatizo limeshaanza. Kagua hivyo hivyo nyonga zote mbili, viwiko, mabega kwa nyuma, kisogo, masikio na visigino. Visigino husahaulika kuliko vyote, maana viko chini ya shuka na mgeni akija huangalia uso. Mfunue.

Kisha omba chati ya kugeuza. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa 2, usiku na mchana, na mwenye doa kama la mama huenda akahitaji mapema zaidi. Chati ya kweli ina saa, upande na sahihi: saa 4 usiku kushoto, saa 6 kulia, saa 8 kushoto. Isome kwa jicho la karani. Ukikuta wiki nzima imetiwa vema kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, kila mstari saa kamili bila dakika kuzidi, hiyo imejazwa asubuhi kwa mkupuo. Usiku halisi una "saa 8 na dakika 25" na una "amelia, tumemrudia baadaye".

Hata kugeuza kuna namna yake. Mama asilazwe ubavu kamili, kwa sababu nyonga itabeba mwili wote na kidonda cha pili kitazaliwa hapo. Awekewe mto nyuma ya mgongo aegemee nusu ubavu, kiasi cha nyuzi 30. Upande uliopooza asiulalie muda mrefu, huenda hapo hasikii maumivu ya kumfanya alalamike. Nje ya saa za kula, kichwa cha kitanda kisiinuliwe kuzidi nyuzi 30. Kikiinuliwa sana mtu huteleza polepole, ngozi ikabaki imenata kwenye shuka huku mfupa ukishuka, na nyama ikachanika kwa ndani. Akipandishwa kitandani wawe watu wawili na shuka la kuvutia, wasimburute kwa kwapa. Mto mwingine ukae chini ya miguu, kuanzia karibu na goti mpaka juu ya kifundo, visigino vielee kiasi cha karatasi kupita chini yake bila kukwama.

Godoro nalo lipime. Mama akiwa amelala, ingiza mkono chini ya godoro usawa wa makalio, kiganja kikitazama juu. Ukihisi mwili wake karibu, yaani sponji iliyobaki haifiki inchi 1, godoro hilo limekwisha hata kama shuka ni jipya.

Wakatalie wanaotaka kulisugua doa, maana nyama iliyochoka husagika zaidi. Kataa duara la mpira la kukalia, linabana damu pande zote. Kataa pia glavu zilizojazwa maji chini ya visigino. Zimeenea sana na hazisaidii. Ngozi ikifunguka, isitiwe spiriti, peroksaidi, majivu wala unga wa kapsuli. Isafishwe kwa maji ya chumvi: lita 1 ya maji yaliyochemshwa, chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu, kilichosawazishwa kwa kisu. Yaache yapoe, na yatumike siku hiyo hiyo.

Kwa sasa mama asilale chali hata kidogo mpaka doa lipotee. Kwa kawaida uzito ukiondolewa hupungua ndani ya siku chache. Likikua, likitoa malengelenge, usaha au harufu, apelekwe hospitali. Kwa Mtwara mjini ni Ligula. Msingoje homa, wazee wengi hupata maambukizi makali bila mwili kuchemka. Na muulize msimamizi ni muuguzi gani mwenye leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga anayefanya kazi hapo, na huwa zamu saa ngapi. Vigae na feni umetuandikia, muuguzi hatukumwona kwenye barua yako.

Swali: Baba anazidi kukonda, suruali zinamvuka. Tukija mchana tunakuta sahani imejaa, tunaambiwa "mzee hataki kula". Nyumbani hakuwa mtu wa kuchagua chakula. (Ndugu wawili, Lindi mjini)

Jibu: Neno "hataki" liandikwe mwisho kabisa, baada ya kuhakikisha kwamba anaweza. Kaeni naye mlo mmoja mzima, tangu sahani inapowekwa hadi inapoondolewa. Imewekwa upande anaoufikia na kuuona? Waliopatwa na kiharusi wengine huacha nusu ya sahani kwa sababu nusu hiyo hawaioni. Meno ya bandia yako mdomoni au kwenye glasi dirishani? Ugali wa muhogo ukipoa hugeuka raba. Ukipakuliwa saa 6 na mlishaji akafika saa 8, hata kijana angeusukuma. Kisha hesabuni watu. Mzee wa kulishwa kijiko kwa kijiko huchukua kama nusu saa. Wakiwa 6 na mlishaji ni mmoja, wa mwisho anamaliza saa 9, kama hakurukwa.

Msibishane na kituo juu ya kukonda kwa macho, ombeni daftari la uzito. Mzee hupimwa angalau mara moja kwa mwezi. Kupoteza asilimia 5 ndani ya mwezi, mfano kutoka kilo 50 hadi 47.5, ni jambo la kumwita daktari, si la kungoja mwezi ujao. Asiyeweza kusimama apimwe mzunguko wa mkono wa juu, katikati ya bega na kiwiko. Ukiwa chini ya sentimita 23.5, huenda uzito wake uko chini.

Sasa angalieni kilichomo kwenye kikombe. Mzee anahitaji walau gramu 1 ya protini kwa kila kilo ya mwili wake, na zaidi kama ana kidonda. Wa kilo 50 anahitaji gramu 50. Kikombe cha uji mweupe wa sembe kina gramu 2 au 3 tu, kwa hiyo vikombe vitatu kwa siku ni maji ya moto yenye heshima. Yai moja lina gramu 6. Kipande cha samaki ukubwa wa kiganja kina kama 20. Vijiko 2 vya mezani vya karanga zilizosagwa ni kama 7. Na katika mikoa hii hatuna sababu ya kusahau korosho: vipande vilivyovunjika ni rahisi kuliko nzima, na gramu 30 zikisagwa laini kabisa ndani ya uji huongeza kama gramu 5 za protini na nguvu zaidi ya uji wenyewe. Mbaazi za nazi zilizopondwa zinakwenda vizuri kwa asiye na meno.

Kama anakohoa akila, au sauti inakuwa ya majimaji kama ya mtu anayesukutua, chakula kinaelekea mapafuni. Aketi wima kabisa, kidevu kiinamishwe kidogo, alishwe kwa kijiko cha chai, ameze kwanza ndipo aongezwe. Mlishaji akague shavu la upande dhaifu, chakula hujificha hapo. Akishakula abaki ameketi nusu saa. Mdomo usafishwe mara 2 kwa siku, hata kama hana jino, kwa sababu uchafu wa mdomoni ndio unaoshuka mapafuni na kuleta nimonia. Na apimwe na daktari kabla ya mtu kuendelea kumlisha kwa kubahatisha.

Kuna jambo moja ambalo vituo haviwaambii ndugu: wengine huwanyima wazee maji kuanzia jioni ili kitanda kisilowe. Mkojo unakuwa mzito, choo kinakuwa kigumu, mzee anaanza kuweweseka, na wote mnadhani ni uzee. Kiu hupungua na umri, kwa hiyo asingojewe aombe. Kipimo kizuri ni vikombe 8 vya mililita 200 kwa mama na 10 kwa baba, chai na uji vikihesabiwa humo. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo afuate kiasi alichopewa na daktari, na wa figo asinyweshwe madafu kiholela, yana potasiamu nyingi. Mkifika, tazameni jagi. Likiwa limejaa tangu asubuhi na kikombe kiko mbali na mkono, jibu mnalo.

Swali: Mfuko wa mkojo wa babu unaning'inizwa kwenye msumari juu ya kitanda ili watu wasiukanyage. Ni sawa? (Mjukuu, Mikindani)

Jibu: Si sawa. Ukiwa juu ya kibofu, mkojo wa mfukoni unarudi ndani pamoja na wadudu wake. Uning'inizwe kwenye ubao wa pembeni wa kitanda, chini ya kiwango cha kibofu lakini usiguse sakafu, na mrija usikunjike. Umwagwe ukifika theluthi mbili. Na uliza kama mpira huo wa kutolea mkojo bado unahitajika. Wengi huwekewa hospitalini kwa wiki moja kisha wakasahauliwa nao.

Swali: Bibi alikuwa anaita watu usiku. Sasa kila jioni anapewa kidonge "cha kumtuliza". Mchana kutwa anasinzia, juzi ameanguka akienda chooni. Wanasema tushukuru amepata usingizi. (Mjukuu, Masasi)

Jibu: Aliyepata usingizi hapo ni mhudumu wa zamu, mjukuu wetu. Ulizeni mambo manne na mwandikiwe: dawa inaitwaje, imeandikwa na nani, kwa ugonjwa gani, na itaachwa lini. Diazepamu, kidonge cha usingizi, hukaa mwilini mwa mzee kwa siku nyingi, dozi ya leo inaikuta ya juzi bado ipo, ndipo miguu inapolegea. Piriton na Phenergan, ambazo watu huziona dawa za mafua na mzio tu, humkausha mzee mdomo, humzuia choo na mkojo na kumchanganya akili. Haloperidoli na klopromazini, dawa za magonjwa ya akili, kwa mwenye ugonjwa wa kusahau huongeza hatari ya kiharusi na kifo. Zina mahali pake, lakini kwa uamuzi wa daktari na kwa muda mfupi. Angalizo: kama bibi ametumia diazepamu kwa wiki kadhaa, msiikatize ghafla. Daktari aipunguze kidogo kidogo.

Mzee anayeanza kuita watu usiku, na zamani hakuwa hivyo, ana sababu, na aghalabu iko mwilini. Apimwe malaria kwa kipimo cha haraka. Atazamwe kama amepata choo ndani ya siku 3, kama tumbo chini ya kitovu limejaa na kuuma kwa mkojo uliokwama, kama ana kikohozi, kama nyonga inauma akigeuzwa. Sukari ipimwe. Hapa tuseme neno juu ya glibenklamaidi, kidonge cha kisukari: mzee aliyeimeza asubuhi kisha asile mchana, sukari inaweza kushuka usiku, akatokwa jasho na kuropoka. Chini ya 4 kwenye mashine ni dharura. Kama anameza, apewe vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, apimwe tena baada ya dakika 15, kisha ale. Akiwa hajitambui asitiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali.

Mengine ni madogo na hufanya kazi: taa hafifu ya kuelekea chooni, apelekwe chooni kabla ya kulala na tena kama saa 7 usiku, akae juani asubuhi, asilazwe saa 12 jioni kwa sababu tu zamu inabadilika.

Umeandika pia kuwa dawa zake zote hutwangwa pamoja kwenye kinu kidogo. Vidonge vya presha vya kuyeyuka polepole, kama nifedipini ya aina hiyo, vikitwangwa hutoa dozi ya siku nzima kwa mara moja na presha hushuka kwa kishindo. Mfamasia aombwe vya maji, au dawa mbadala.

Swali: Mjomba hakuzaa. Sisi wapwa watatu ndio tulimpeleka kituoni, na kila mmoja akienda anatoa amri yake. Tukilalamika, msimamizi anasema "malizaneni kwanza". (Mpwa, Nachingwea)

Jibu: Msimamizi ana haki kwa hilo. Chagueni mpwa mmoja awe msemaji, jina na simu yake ziandikwe kwenye jalada la mjomba, na mwenyewe aulizwe anamtaka nani. Bado ana kinywa. Andikisheni vitu alivyoingia navyo, hadi miwani na redio, na kila malipo yawe na risiti. Zamu za kumtembelea mzigawe, na mmoja aende siku ya kazi saa 1 usiku, si Jumapili pekee wakati kila kitu kimepigwa deki. Msimu wa korosho nyote mkiwa shambani, apatikane walau wa kupiga simu azungumze na mjomba mwenyewe. Malalamiko yaandikwe kwa tarehe: kwanza kwa msimamizi, kisha kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Akipigwa, akifungwa kitandani au akiibiwa, nendeni polisi, msipite kwanza kwa msimamizi.

Swali: Bibi anajikuna usiku, ana vipele katikati ya vidole. Kituo kimempaka dawa na kumtenga, wiki mbili baadaye ugonjwa umerudi. (Msomaji, Kilwa Masoko)

Jibu: Huo unafanana na upele, na haukurudi, uliachwa kwa jirani. Mtu anayeambukizwa kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kuwashwa huku anaeneza. Daktari akithibitisha, dawa ipakwe siku moja kwa wazee wote, wahudumu wote na ndugu waliomshika, anayejikuna na asiyejikuna. Ipakwe kuanzia shingoni hadi nyayoni, chini ya kucha na kwenye mikunjo. Kwa wazee hata kichwani na usoni, macho na mdomo vikiepukwa. Mhudumu akinawa mikono baada ya kumpaka mzee, ajipake tena. Mashuka na nguo zifuliwe kwa maji ya moto siku hiyo hiyo, na visivyofulika vifungwe kwenye mfuko wa plastiki kwa siku 3. Dawa ikiwa ni permethrini, hurudiwa baada ya wiki. Kuwashwa kunaweza kubaki wiki 2 hadi 4 hata wadudu wakiwa wamekufa, kwa hiyo msiendelee kumpaka kila siku mkamchubua.

Swali: Mimi ni mhudumu. Usiku niko peke yangu na wazee 9, 4 hawajigeuzi. Maji ni ya kununua kwa ndoo. Naona lawama zote zinatushukia sisi. Nianze na lipi? (Dada wa zamu, Newala)

Jibu: Pole na kazi, dada. Mtu mmoja kwa wazee 9 ni kosa la mwenye kituo, na uliandike kwenye daftari la zamu kila usiku: idadi ya wazee, idadi ya wahudumu. Hiyo ni kinga yako.

Kwa maji, ndoo moja ya lita 20 iwe ya kunywa tu, ina kifuniko na bomba, isiguswe kwa kazi nyingine. Wazee 9 wataimaliza karibu yote kwa siku. Ya pili ni ya mikono: tundika kibuyu chirizi mlangoni, kinatumia maji kidogo sana kuliko kopo la kumiminiana. Glavu hazichukui nafasi ya kunawa, na zibadilishwe kila mzee. Ya tatu ni ya kuwasafisha. Si lazima kumwogesha mzee mwili mzima kila siku, lakini sehemu za siri na makalio lazima kila akichafuka. Maji lita 3 yanatosha kumfuta mwili ukianza na uso, mikono, kifua, miguu, mgongo. Sehemu za siri ziwe mwisho kwa maji mapya na kitambaa kingine, kwa mama kuanzia mbele kwenda nyuma. Kausha kwa kugandamiza taulo, usisugue, kisha mpake mafuta mazito. Usimvalishe pampasi mbili juu kwa juu ili zikae hadi asubuhi. Joto na unyevu wake ndivyo vinavyochubua. Choo au damu ikimwagika sakafuni, changanya sehemu 1 ya klorini ya asilimia 3.5 na sehemu 6 za maji.

Wale 4 wageuze kwa mzunguko, saa 4, 6, 8, 10 na 12. Ukiwa na kila kitu kwenye beseni moja, kila mmoja huchukua kama dakika 5, na kikombe cha maji apewe hapo hapo kama yuko macho. Kumgeuza peke yako: kunja goti lake la mbali, vusha mkono wake kifuani, shika bega na nyonga, mviringishe kuja kwako huku magoti yako yamekunjwa na mgongo umenyooka. Mzito kuliko uwezo wako usimbebe. Mwamshe mlinzi akushikie shuka upande wa pili. Mfundishe mchana, si saa 8 usiku.

Asubuhi unapokabidhi zamu, usiandike "wazee wote salama". Andika nani hakukojoa tangu saa 4, nani ameacha kunywa, na doa gani umeliona, mfupa gani.